Majibu ya Mtu Mwingine

Nesi alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na mama yake, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, alijua palepale kuwa mambo yameharibika, maana kazi ya zahanati haina tabia ya kumrudisha mtu mapema. Alisogeza ungo ili bintiye apite, akaendelea kuchambua, ingawa kuanzia hapo alitupa chuya na mchele kwa pamoja.

Ndani, wifi yake, mke wa kaka yake Fundi, alikuwa mezani na kompyuta. Meza ile zamani ilikuwa ya kulia chakula, kabla mke wa Fundi hajaanza kusomea mambo ya programu. Siku hizi watu wa nyumba ile walikula sahani zikiwa magotini. Mama mkwe ndiye aliyempa mkewe Fundi jina la Bi Kompyuta, mwanzoni kwa kejeli, kisha jina likamganda mpaka mwenyewe akawa anaitika.

"Wifi, mbona mapema?"

"Nimesimamishwa." Nesi alivua viatu vyeupe vya kazi akaviweka juu ya kiti, mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka viatu. "Nikae nyumbani mpaka Daktari aamue."

"Umefanya nini?"

Nesi hakuwa mtu wa kuleta mambo ya wagonjwa nyumbani, na hata sasa jina hakulitaja. "Kuna mama mmoja, muuza viatu. Amehangaika na uzazi tangu aolewe. Wiki iliyopita alikuja kupima. Nikaingiza namba yake kwenye kompyuta ya mapokezi, jina lake likaja, nikalisoma kwa sauti, akasema ndiye. Nikabonyeza majibu. Yakasema mimba ipo. Nikampa hongera, wifi. Alinikumbatia mpaka nikayumba. Leo karudi analia, anaona damu, anasema mimba inatoka. Kumpima, hakuna iliyotoka wala iliyokuwepo. Daktari akafungua kompyuta mbele yangu. Haipo. Tangu siku ile ya kwanza, haipo."

"Kompyuta imesema haipo?"

"Amefungua, akafunga, akafungua tena. Kila mara haipo. Mtu wa maabara naye anaapa kwamba aliandika haipo. Sasa nani kabaki? Mimi. Daktari akaniuliza nilikuwa nawaza nini siku ile. Mbele ya wagonjwa, mimi naulizwa nawaza nini, kama mtoto aliyevunja glasi."

Bi Kompyuta alisema pole, akainuka akamshika wifi yake mabega, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Programu ile aliiandika yeye, na kitu cha kwanza alichokisikia moyoni, kabla hata ya huruma, kilikuwa nafuu: kumbe programu ilisema sawa.

*

Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe, na iliishi kwa mshahara wa Nesi. Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mmoja wa wale wanaojivunia kuchomelea bila miwani, mpaka macho yalipoanza kumwadhibu. Sasa cheche ndogo tu ilimfanya alie siku nzima, na daktari wa macho alimwambia achague moja, moto au kuona. Akachagua kuona. Alishinda uani akipiga msasa bawaba za zamani ambazo hakuna mtu aliyeziagiza.

Mkewe alikuwa mpiga chapa kwenye duka la kutoa fotokopi. Duka lilipofungwa, akajiandikisha kwenye darasa la Jumamosi la kutengeneza programu za mtandaoni kwa lugha ya Java. Mwalimu wao hakuweza kumaliza sentensi bila kusema kwa mfano, na wanafunzi walimwita hivyo hivyo, Bwana Kwa Mfano. "Kwa mfano, unataka nyumba," aliwaambia siku ya kwanza. "Unaweza kuchimba msingi mwenyewe, ukasimamisha nguzo, ukaezeka. Utazeeka. Fremuweki ni nyumba ambayo imeshasimamishwa na kuezekwa. Kazi yako ni kugawa vyumba." Bi Kompyuta alilipenda neno hilo. Alikuwa akiishi katika nyumba iliyogawanywa vibaya, ambamo ili kufika chooni lazima upite chumbani kwa wifi.

Mwanzo ulimtoa jasho. Nukta moja ikikosekana, kompyuta ilimjibu kwa mistari myekundu kurasa mbili. Siku ukurasa wake wa kwanza ulipofunguka na kuandika Karibu, aliita nyumba nzima ije kutazama. Mama mkwe alisoma, akangoja, akaona hakuna kingine kinachokuja. "Miezi yote hii, karibu tu?" aliuliza. "Hata chai haituletei?" Walicheka mpaka Fundi akashika ukuta.

Ni Nesi aliyempeleka kwa Daktari. Pale zahanati mafaili ya karatasi yalikuwa yakipotea, na Nesi akasema wifi yangu anaweza, mimi namdhamini. Daktari, mtu asiyelipia kitu kabla hajakigusa, alikubali programu ijaribiwe. Ikimaliza mwezi bila matata, atamwajiri Bi Kompyuta aiweke na kwenye zahanati zake nyingine mbili. Mwezi ulikuwa unakaribia ukingoni. Pale nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa sana, kwa namna watu wanavyoepuka kuzungumzia kitu wanachokitegemea.

Na kabla ya kuipeleka waliijaribu vilivyo. Kompyuta ilikuwa moja, na mama mkwe alikuwa na sheria yake juu ya vitu vilivyo kimoja nyumbani, iwe bafu, kioo au redio: kila mtu kwa zamu. Alikaa Fundi, akainuka. Akakaa Nesi, akainuka. Mama mkwe naye akakaa, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu pasi. Kila mmoja aliletewa alichokiomba.

*

Kesho yake asubuhi Nesi alimtolea mama yake dawa za presha. Alisoma pakiti, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akampelekea Bi Kompyuta.

"Nisomee, wifi. Hizi ni za asubuhi?"

"Wewe ndiye unayezitoa kila siku."

"Nisomee tu."

Bi Kompyuta akasoma. Zilikuwa za asubuhi. Nesi akashukuru, akampa mama yake, na bado alisimama pale mpaka kidonge kilipomezwa, kisha akahesabu vilivyobaki. Baadaye, akikunja nguo, alisema bila kuulizwa, "Ninavyofikiri, nililiona neno haipo, na kwa vile nilivyokuwa nikimwombea yule mama, kichwa kikalisoma ipo. Watu huona wanachokitaka. Wewe usijisumbue na hiyo kompyuta, wifi. Programu yako haina kosa."

Bi Kompyuta alikuwa amejisumbua nayo tangu jana. Alitunga mgonjwa mfano wa muuza viatu, akaingiza namba yake kwa kila njia aliyoijua, na kila mara jibu lilikuwa haipo. Hakupata pa kushika.

Alasiri mama mkwe alikuja na kiti chake. "Nionyeshe hicho kitu kilichomsimamisha mwanangu kazi," alisema. "Siku ile nilibonyeza tu, sikuangalia."

Nesi alikuwa amekwenda kulala. Bi Kompyuta hakutaka kutumia habari za wagonjwa wa kweli, akatunga wake: Fundi, anaumwa macho, na Mama, anaumwa magoti. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa akimsukuma kwa kiwiko ili aone kioo, akakumbuka jinsi Bwana Kwa Mfano alivyowafundisha kuifungua programu kwenye simu pia. Akachukua simu ya Fundi, akamfungulia, akampa. "Tafuta la kwako hapo, Mama. Mimi hapa nitamtazama mwanao."

Akaingiza namba ya Fundi. Jina la Fundi likaja. Pembeni yake mama mkwe alikuwa akitafuta namba yake kwenye simu, akihema kwa juhudi. "Nimejiona," akasema. "Jina langu hili hapa."

"Vizuri." Bi Kompyuta akabonyeza majibu ya Fundi.

Kioo kikasema magoti.

"Ehe," mama mkwe akachungulia. "Mume wako naye ameanza magoti? Hayo ni yangu, mwambie ayarudishe."

"Nimebonyeza vibaya, Mama. Ngoja. Tufanye tena."

Wakafanya tena. Fundi akaja kwa jina. Mama mkwe akajitafuta kwenye simu. Majibu ya Fundi yakawa magoti. Bi Kompyuta akaomba wafanye mara nyingine, safari hii mama mkwe asiguse simu. Majibu ya Fundi yakawa macho. Bi Kompyuta akaondoa mikono kwenye kompyuta. Mama mkwe alimwangalia usoni, akaweka simu juu ya meza polepole, na hakutania tena.

Alipofungua maandishi ya programu hakuchukua muda kuliona, maana sasa alijua anatafuta nini. Mle ndani kulikuwa na kipande kinachompokea kila anayebisha hodi: nani, anataka nini, apelekwe ukurasa upi. Alikuwa amekipa mahali pa kumweka mgonjwa wa sasa, akiamini kwamba kila anayefungua programu hupewa mpokeaji wake mwenyewe. Sivyo. Fremuweki hutengeneza mpokeaji mmoja, na huyo huyo huhudumia watu wote. Ni sawa na mhudumu wa hoteli anayeweza kushika oda moja tu kichwani: wewe umemwagiza chai, na kabla hajaileta mwenzako wa meza ya pili amemwagiza maji, basi nyote wawili mtaletewa maji. Pale nyumbani hakukuwahi kuwa na meza ya pili. Pale zahanati ilikuwepo, chumba cha maabara.

Na kwenye ukurasa wa majibu hakukuwa na jina la mgonjwa. Alilitoa yeye, kwa sababu lilikwishaonekana ukurasa wa kabla yake, na bila jina ukurasa ulipendeza zaidi.

Alimpigia simu mwalimu wake. Bwana Kwa Mfano alimsikiliza, akacheka kwa wema kabisa. "Hilo kosa kila anayeanza hulifanya. Toa huyo mgonjwa pale juu, mweke ndani ya kazi yenyewe, kila anayebisha hodi awe na wake. Kwa mfano, ni kuhamisha mstari mmoja. Dakika haifiki."

"Kila anayeanza?"

"Kila mtu. Hata mimi. Usijali."

Alihamisha ule mstari. Akamwomba mama mkwe ajitafute tena. Majibu ya Fundi yakawa macho, ya mama mkwe magoti, kila mtu na lake.

"Limepona?" mama mkwe akauliza.

"Limepona."

"Basi mwite wifi yako umwambie."

"Mama, niache kwanza nizungumze na mume wangu."

Mama mkwe alinyanyua kiti chake. Alikuwa ameishi na mkwe huyu miaka ya kutosha kujua lini amuongezee neno na lini amwache.

*

Fundi alikuwa uani na bawaba zake. Alimsikiliza mkewe bila kuinua uso, na alipomaliza kusikiliza aliendelea kupiga msasa kwa muda.

"Nani anajua?"

"Wewe na Mama. Na mwalimu wangu, lakini hajui ya zahanati."

"Na umeshalirekebisha."

"Nimelirekebisha hapa. Kule bado. Nikienda na kuiweka hii mpya, hakuna atakayejua kulikuwa na ya zamani."

Fundi alipuliza vumbi la chuma. "Nikuulize. Ukienda kusema, Daktari atakupa kazi?"

"Hanipi."

"Na usiposema?"

"Mwezi unaisha wiki hii. Atanipa."

"Basi hesabu ni nyepesi. Mmoja atatoka, mmoja ataingia. Nyumba haitalala njaa. Dada ana cheti, zahanati ziko nyingi, atapata pengine. Wewe hii ndiyo nafasi yako, hakuna nyingine, na mimi…" Hakumaliza habari ya yeye mwenyewe. "Funika kombe, mke wangu. Mwanaharamu apite."

"Unayemsema ni mdogo wako."

"Najua ni nani. Nilimbeba mgongoni. Unadhani naona raha kusema haya?" Macho yake yalikuwa mekundu, lakini siku hizo yalikuwa mekundu wakati wote, na hata mkewe hakuweza kujua upi ni wekundu wa ugonjwa na upi wa moyo. "Yeye amekubali kwamba ni kosa lake. Amekubali mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

"Hilo ndilo linaloniua," mkewe akasema. "Amekubali. Asubuhi alinipa pakiti ya dawa nimsomee. Mtu aliyesoma dawa maisha yake yote. Kazi atapata pengine, sawa. Ataifanyaje, kama hayaamini macho yake?"

Fundi akachukua bawaba nyingine, akaipeleka karibu sana na uso ili aione kutu iko wapi, na mkewe alibaki amesimama akimtazama. Alimwonea huruma na alimkasirikia, vyote kwa kipimo kimoja. Kitu kimoja ndani yake kilikuwa upande wa mumewe kabisa. Aliitaka kazi ile. Alijiona tayari akiingia zahanati ya pili na ya tatu, anavutiwa kiti, anaulizwa na watu wazima wafungue vipi na wafunge vipi. Kwa mtu aliyetumia ujana wake kupiga chapa barua za wengine, hilo si jambo la kutupa hivi hivi.

Wakati wa chakula cha jioni Nesi aliuliza ni nani aliyefunga bomba, akaambiwa ni yeye mwenyewe, akaenda kuhakikisha. Alirudi akakaa. Mama mkwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akala.

Asubuhi Bi Kompyuta aliingia chumbani kwa wifi yake akiwa ameshavaa. "Vaa viatu vyako vya kazi," alimwambia. "Twende kwa Daktari."

"Kaniita?"

"Mimi ndiye ninayekwita."

*

Daktari aliwapokea wima, akiwa na vitu vingine vya kufanya. Bi Kompyuta hakuwa amepanga maneno, na maneno yaliyokuja yalikuja vibaya: alianza na fremuweki, akaingia kwenye mpokeaji, akamwona Daktari anaangalia saa. Akaacha. "Naomba nikuonyeshe," alisema. "Wifi akae mapokezi kama siku ile. Mtu wa maabara akae kwake. Wewe simama nyuma ya wifi."

Mlango wa maabara uliachwa wazi. Nesi aliingiza namba ya mgonjwa wa kutungwa, akasoma jina kwa sauti. Bi Kompyuta akapaza sauti: "Fungua yule mwingine, kaka." Mtu wa maabara akafungua. "Sasa, wifi, bonyeza majibu."

Nesi akabonyeza. Majibu yaliyokuja hayakuwa ya jina alilolisoma.

Nesi aliangalia kioo, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaangalia jina, akabonyeza tena. "Jina nililiona," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nililiona jina, na nilisoma kilichoandikwa." Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza na kuvitazama.

"Ulijua lini?" Daktari akamuuliza Bi Kompyuta.

"Jana alasiri."

"Inarekebishika?"

"Nimeshairekebisha. Ninayo hapa. Nimeiacha hii ya zamani ili uone."

"Kwa hiyo ungeweza kuibadilisha na mimi nisijue."

"Ndiyo."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Huenda mtu mwingine angemsifu kwa kusema kweli, na Bi Kompyuta, tusifiche, njia nzima alikuwa akilitumainia hilo. Daktari hakuwa mtu mwingine. "Itoe," alisema. "Leo hii. Tutarudi kwenye mafaili. Likipotea faili najua limepotea, nalitafuta. Hii ilikuwa inanidanganya na uso wake mkavu." Akamgeukia Nesi. "Wewe rudi kazini. Nilikusema mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele ya watu. Lakini kwanza yule mama lazima aambiwe, na aambiwe na nyinyi wawili. Kuna wagonjwa waliosomewa majibu hapa mwezi mzima. Nitawapitia wote, mmoja mmoja."

Hapo ndipo Bi Kompyuta alipotambua kwamba hakuwa amewafikiria hao wengine hata kidogo. Kazi yake ilichukua dakika chache kuiondoa. Kuiandika alikuwa ametumia sehemu nzuri ya mwaka.

Nje, walitembea mtaa mzima. Kisha Nesi akasimama. "Kaka anajua?"

"Anajua."

"Alisema nini?"

Bi Kompyuta alitafuta namna. "Alisema tufikirie."

"Alisema unyamaze." Nesi alilisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angepandisha sauti. "Namjua kaka yangu. Na wewe ulikaa nalo kuanzia alasiri mpaka asubuhi. Ulinitazama nikienda kuangalia bomba."

"Nilikutazama."

"Nilishaanza kuzoea, wifi. Nilishajiambia, basi, hivi ndivyo mtu anavyoanza kupotea akili, na nipunguze kujiamini polepole." Akafunga vizuri kamba ya kiatu chake kimoja cheupe, ambayo haikuwa imelegea. "Usiniombe radhi sasa hivi. Sina pa kuiweka. Twende."

*

Muuza viatu alikuwa ametandaza mali yake juu ya turubai kando ya soko, kila kiatu karibu na mwenzake, anavifuta kwa kitambaa chenye maji. Alimwona Nesi kutoka mbali na hakuacha kufuta.

"Mmekuja wawili," alisema. "Ile habari ya kwanza ililetwa na mtu mmoja."

Bi Kompyuta alichuchumaa ili wawe sawa kwa macho. Safari hii hakutaja fremuweki wala mpokeaji. Alisema yeye ndiye aliyeiandika programu ya zahanati, na kwamba aliiandika vibaya. Watu wawili wakifunguliwa kwa pamoja, mmoja alipata ya mwenzake. Nesi alisoma kilichokuwa kimeandikwa.

"Yaani nilisomewa majibu ya mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na kosa ni la kompyuta."

"Ni langu. Kompyuta ilifanya nilivyoiambia."

Yule mama alikiweka kiatu chini, akachukua mwenzake. Alikuwa mwanamke mwenye uso mpana na mikono iliyochubuka kwa maji na sabuni. "Siku zile," alisema, "mume wangu alikuwa akinibebea mzigo mpaka hapa. Hajawahi, toka tumeoana. Mama yake, ambaye hanipendi, alikuja kuniuliza nina hamu ya kula nini. Sikuwa na hamu ya chochote, nikatunga, nikasema ndizi." Alitabasamu kidogo kwa ajili ya zile ndizi. "Kwa siku hizo msiniombe radhi. Zilikuwa nzuri. Niombeni kwa ile jioni niliyorudi kuwaambia."

Wakaomba. Nesi alianza, Bi Kompyuta akamalizia, na ilikuwa wazi kwa wote watatu kwamba maneno hayakutosha. Mteja alikuja, akauliza bei ya viatu vya mtoto, akaambiwa, akaondoka.

"Huyo mwenzangu," yule mama akasema baadaye, "mwenye majibu yenyewe. Yeye aliambiwa?"

"Aliambiwa," Nesi akajibu. "Siku ileile."

"Afadhali. Ni mtu wa huku huku? Namjua?"

Nesi akakisogeza kiatu kimoja karibu na mwenzake.

"Alifurahi? Niambie hilo tu. Nataka kujua kama alifurahi."

"Mama," Nesi akasema kwa upole, kwa ile sauti yake ya kazini, ambayo wifi yake hakuwa ameisikia tangu aliposimamishwa, "majibu ya mtu hatumwambii mtu mwingine."

Mkono wenye kitambaa ukasimama. Yule mama akamtazama Nesi, akamtazama Bi Kompyuta, kisha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichotoka tumboni, mpaka wauzaji wa jirani wakageuka kutaka kujua kuna nini.

"Hamumwambii," alisema, akijifuta macho kwa kitambaa kilekile cha viatu. "Sawa. Hamumwambii."

Kicheko kilikwisha, lakini yeye aliendelea kufuta macho, na wale wawili walibaki mbele ya viatu vyake, bila kujua kama wameruhusiwa kuondoka.